Dola Haikunjwi

Enzi zetu pale mtaani Shituru, pesa haikuwa na kiburi. Nakumbuka noti za baba siku ya mshahara: chafu, laini kama kitambaa cha zamani, zinanuka samaki na mawese. Iliyopasuka, mama aliigandisha kwa bukari, ule ugali wetu wa mahindi, akaianika dirishani. Kesho yake mimi na dada zangu tulitumwa nayo kununua samaki wa kukaanga. Muuzaji aliipokea bila kuitazama, akatuongezea na kichwa, tukakigombania njia nzima. Pesa iliyobaki mama aliikunja mara nne, akaifunga kwenye ncha ya kikwembe chake kiunoni. "Mwizi akitaka hii makuta, abebe na miye," alisema.

Sasa mimi mwenyewe ni bibi. Binti yangu Solange anawapikia wafanyakazi wa mgodi kule Kakanda, na mwezi huu alinipa noti moja mpya ya dola hamsini: unga, mafuta, sabuni, matumizi ya nyumba nzima. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikaikunja, nikaifunga kwenye kikwembe, nikaenda sokoni.

Kijana wa dukani aliinyanyua juani, akaikodolea macho. Penye mkunjo palikuwa na ufa mdogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga.

"Mama, hii iko napasuka. Siwezi kamata."

"Kwani unga yako itapitia mu kale katundu?" nikamuuliza, nikikigusa kile kitundu.

Akacheka, akarudia simu yake. Vijana hawa wananichosha! Dola ikipanda, wanapandisha bei ya unga saa ileile. Ikishuka, wanakuwa viziwi. Lakini ufa wanauona! Maduka matatu, jibu lilelile. Mwishowe mbadilisha pesa wa barabarani aliikubali, ila alikata robo nzima. Nyumbani wajukuu walikuwa wanangoja kula, ningefanya nini? Nikanunua unga peke yake. Mafuta na sabuni nikaviacha.

Jioni nilimpigia Solange.

"Mama, weye! Dolare habakunjake, banatiaka mu kitabu!"

Eti dola haikunjwi, hulazwa ndani ya kitabu. Nikasikia sufuria zikigongana nyuma yake, bado yuko kazini. Hasira zangu zote za sokoni zikaniishia, nikabaki na uchungu. Enzi zetu jasho la baba lilifika sokoni likapokelewa, noti iwe nzima au vipande. La mwanangu limekataliwa, na mimi mama yake ndiye niliyelikunja.