Bibi Amefika?

Kwenye benchi la hospitali hapa Kasulu, binti yangu wa miaka sita, aliyeangukia kichwa kutoka kwenye karia ya baiskeli asubuhi ile, aliniuliza, "Mama, bibi amefika?" Bibi yake tulimzika mwaka jana. Nikamwambia hivyo, halafu akauliza tena, sauti ileile, akitazama mlango uleule.

Mama mmoja aliyekaa kando yetu akavuta kanga yake mbali nasi. "Huyo anaitwa na marehemu, mdogo wangu. Mpeleke kwa mganga kwanza."

Nesi akasikia. "Haitwi na mtu. Ubongo umetikisika, kumbukumbu inaruka. Tunabaki naye hapa. Akitapika au usingizi ukimzidi, niite mbio."

Jioni kumbukumbu ilimrudia binti, akaacha kuuliza. Mlango ulipolia, tuliogeuka kuutazama ni mimi na yule mama tu.