Niliponyamaza Mbele ya Mwanafunzi

Sauti yangu inajulikana wodi nzima. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwetu Kibaha kwa mafunzo ya vitendo huonyana mapema: yule sista mnene anafoka, lakini ukitoka kwake umeiva. Nami nilijisifia hilo.

Ndipo tukaandikishwa kozi ya mtandaoni ya watu wanaofundisha kazini: wauguzi, matabibu, wafamasia, watu wa maabara, wote darasa moja, kila mtu na simu yake. Nilisomea barazani kwangu Mbwawa, bando likinikatikia mwalimu akiwa katikati ya neno. Alisema mwanafunzi akikosea usimfokee. Muulize anaona nini, kisha nyamaza, umpe nafasi ya kufikiri. Nikaona ni maneno ya busara.

Wiki hiyohiyo binti mmoja wa Mzenga, mwepesi wa kazi kuliko wenzake, alikuwa ameshatundika dripu na anataka kumuunganishia mgonjwa huku mrija bado una hewa, ambayo ikimwingia mshipani ni hatari. Nikamshika mkono.

"Unaona nini hapo?" nikamuuliza kwa upole, nikanyamaza.

Alitazama mrija, akatazama viatu vyangu. Nikazidi kunyamaza. Hata mgonjwa akageukia ukutani kwa kumwonea aibu. Mwishowe nikaitoa hewa mwenyewe.

Kesho yake hakuja, wala keshokutwa, na chuo chao hakimvumilii mtoro. Wenzake wakaniambia amerudi kwao Mzenga, anasema uuguzi basi. Nikampigia.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Una nini wewe?"

"Nimeshajua siwezi, sista. Wenzangu wote unawafokea. Mimi ulininyamazia tu. Nyumbani mama akikunyamazia, ujue ameshakususa."

Moyo uliniuma. Kisha hasira zikanipanda, na upole wote wa kozi ukaniishia. Nilimfokea mpaka jirani akachungulia uani.

"Nani amekususa, mjinga we! Kutoa hewa hata mimi nilishawahi kusahau enzi zangu. Kesho asubuhi nikukute wodini, na sare imepigwa pasi!"

Akaanza kulia. "Ahsante, sista," akasema. "Nakuja."

Nilikata simu, sikufurahi. Mtoto wa watu anarudi, na anarudi kwa sababu nimemfokea. Sasa kesho akikosea tena, sijui nitamfundisha kwa sauti ipi.