Bibi Amenisaili, Ameniambia "Tutakuita"

Jamani, leo nimefeli usaili, na aliyenifelisha ni bibi yangu, hapa hapa Mpapura, huku anabangua korosho!

Jumatatu naitwa kwenye usaili wa kampuni kubwa ya teknolojia. Nikamwomba bibi anisomee maswali ya kitabu changu cha usaili nifanye mazoezi.

Akavaa miwani, akajiweka sawa kwenye mkeka.

"Una ujumbe kwa maelfu ya watu. Utawafikiaje wote haraka?"

Nikachora mchangani duara moja kubwa. Hiyo ni kompyuta moja inayowajua watu wote na kuwatumia wote. Nikaeleza kwa madaha, mikono hewani.

Bibi akalitazama lile duara.

"Na huyu akiumwa?"

Nikakodolea duara langu macho. Bibi, ambaye kwa utani huniita mume wake, akaendelea:

"Mume wangu, enzi za ujamaa mimi nilikuwa balozi wa nyumba kumi. Mkutano ukiitishwa, mwenyekiti hakuzunguka kijiji kizima. Alituambia mabalozi, kila mmoja akapita nyumba zake. Nikishikwa na homa, balozi jirani alinipitia zangu. Aliwajua watu wangu wote kwa majina."

Nikachukua kile kitabu, nikafungua ukurasa wa majibu.

Ndilo jibu lenyewe. Wameweka na mchoro, viduara vingi vinavyojuana!

Nikauliza kwa unyonge, "Kwa hiyo bibi, nimepita?"

Akavua miwani, akanipa mkono kama hanijui.

"Asante kwa kuja, kijana. Tutakuita."

Nyie mliowahi kuambiwa hivyo, mlingoja siku ngapi? Maana ugali umeiva, harufu naisikia, na hata kula sijaitwa.