Majani Kumi na Moja ya Shangazi

Nilikuwa mwalimu wa sayansi katika shule moja ya msingi Heru Juu, na kama walimu wengi wa sayansi nilijiona mtu wa mpangilio. Ndiyo maana jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeijua mimea ya kilima kilicho nyuma ya nyumba yetu. Jani la kusugulia vyungu, la kumkanda mzazi, la kufukuza siafu, yote alikuwa nayo kichwani. Mwaka ule, 2013, mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, na mwanawe aliyekuwa akiishi Mabamba, kule mpakani, akasema atakuja kumchukua akakae naye. Tulikuwa na wiki mbili. Nikajiapiza kwamba haondoki kabla sijatengeneza daftari la mimea yake: kila jani na picha yake, jina lake na kazi yake, ukurasa mmoja mmoja.

Siku ya kupanda kilimani nilikuwa na simu mpya yenye kamera, ila sikuwa na mkono wa tatu. Kwa wa kushoto nilimshika Shangazi asijikwae, kwa wa kulia nikashika simu. Yeye alikuwa akipapasa vichaka, anachuma jani, analifikicha vidoleni, analinusa, anataja jina. Nikamwambia majina atanitajia nyumbani, tumekaa, nina kalamu. Mawingu yalikuwa yanakusanyika na nilitaka kuwahi mwanga.

Kilichonikera ni mkono wake. Kila nikilenga, mkono umeshaingia mbele ya kamera.

"Nusa kwanza, mwana wanje."

"Shangazi, toa mkono, unaniharibia picha."

"Oya," akakataa kwa Kiha. "Nusa."

"Nitanusa baadaye. Toa mkono!"

Mara kumi na moja. Tulirudi tumelowa chapachapa, yeye ananusa vidole vyake, mimi nahesabu picha zangu.

Kuzisafisha nilikwenda studio moja Kasulu mjini. Mwenye studio, mzee wa kanzu na baraghashia aliyetokea Tanga miaka mingi nyuma, alizitazama kwenye kompyuta, akavua miwani.

"Mwalimu, mtu mwenyewe yuko wapi?"

"Hakuna mtu. Nataka majani. Huo mkono uukate."

"Nikate mkono wa mtu, nibakize majani?"

"Kata tu, mzee wangu."

Akakata, huku akiguna. Hata hivyo ilinibidi nirudi mara tatu. Siku ya kwanza umeme ulikatika. Siku ya pili wino ulikuwa unaisha, majani yakatoka ya zambarau, naye akanihakikishia kuwa yamependeza. Siku ya tatu ndipo nikapata kijani.

Nilinunua kaunta buku, nikabandika kila picha kwenye ukurasa wake, nikapiga mistari kwa rula, nikaandika "Jina" na "Kazi" kwa wino mwekundu, mbele yake nikaacha nafasi. Kazi ilipendeza, sitakataa. Jioni ya Ijumaa, siku moja kabla ya safari, nikamkalisha Shangazi mkekani, nikamwekea daftari mapajani.

Akapapasa ukurasa wa kwanza. Akauinua mpaka puani.

"Hii inanuka gundi."

Akafunua wa pili. "Hii nayo gundi."

Nilidhani ananitania. Nikamsogeza penye mwanga, nikaanza kumweleza: huu una majani membamba, maua meupe, shina lina vinyweleo. Akajibu kwamba nusu ya kilima ina majani membamba na maua meupe, na anayechagua majani kwa macho ni mbuzi, basi nikamuulize mbuzi. Hapo nikapandisha sauti, mimi, kwa dada wa baba yangu. Nikasema nimehangaika wiki nzima kwa ajili yake, na yeye hataki hata kujaribu.

"Nilikupa unuse," akasema taratibu. "Ukaniambia nitoe mkono."

Nilikasirika zaidi, kwa sababu alikuwa anasema kweli.

Kesho yake alfajiri nilikimbia kilimani, simu mkononi, nikilinganisha picha na vichaka vilivyojaa umande. Kila nilichokitambua nilikichuma nikakisindilia kwenye mfuko mmoja wa nailoni. Nilimkuta Shangazi ameshapanda pikapu, amekaa mbele na kitenge chake kipya. Nikamfungulia mfuko chini ya pua. Akanusa jani la kwanza, la pili, la tatu.

"Muravumba," akasema. "Yote muravumba. Umeyachanganya, mwenye harufu kali amewameza wenzake."

Dereva akapiga honi. Shangazi akanitafuta mkono, akaufinya, gari likaondoka. Nilibaki barabarani na mfuko wangu, nikitamani kumtukana mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Kabla sijapata likizo ya kumfuata Mabamba, wenye kilima walifyeka, wakachoma moto, wakapanda mihogo.

Picha nilizopiga bado zilikuwa kwenye simu, nzima, kabla ya kukatwa. Siku moja nilizipitia zote. Mkono umo katika kila moja, vidole vimegeuka kijani, jani limefikichwa, nao umenyooshwa kuelekea usoni kwangu.

Daftari bado ninalo. Ukurasa mmoja una jina, muravumba, jani lililonuka kuliko yote mfukoni. Kumi zimebaki na neno "Jina" kwa wino mwekundu na nafasi tupu niliyoipigia mstari kwa rula. Juzi nilifungua wa nne, nikainamisha uso mpaka pua ikagusa karatasi, nikavuta pumzi.

Gundi.