Agripina, mama anayeweka akiba ya jua kwenye matangi

Saa mbili asubuhi, Agripina Mkumbo anaacha simu yake kwenye kisanduku cha mbao getini, anachovya brashi kwenye bakuli la maji ya sabuni na kuanza kupaka povu kwenye maungio ya mabomba. Akishapaka anainama na kutazama. Povu likitulia, anasogea. Maungio yako thelathini na nane, na haruki hata moja.

"Hii gesi haina rangi, haina harufu," anasema bila kuinua macho. "Povu likianza kuchemka mahali, ujue inatokea hapo."

Mama huyu wa miaka 46, aliyeishia darasa la saba, ndiye mwendeshaji wa kituo kidogo cha umeme kilicho nje kidogo ya Ulemo, wilayani Iramba. Kituo kina paneli za sola na mtambo mmoja wa upepo, na kinahudumia zahanati na pampu ya maji.

Umeme unaobaki mchana hutumika kutenganisha maji ili kupata haidrojeni, gesi inayoshika moto haraka, ambayo huhifadhiwa kwenye matangi manne. Jua na upepo vikikosekana, mashine nyingine huikutanisha haidrojeni hiyo na oksijeni ya hewani, na umeme hupatikana tena.

Watu humuuliza kwa nini zisitumike betri peke yake.

"Betri tunazo, lakini ni kama debe la unga jikoni. Linakufikisha kesho. Haya matangi ni ghala."

Miaka minne iliyopita alikuwa kibarua kwenye mashine ya kukamua alizeti huko Shelui. Kituoni aliajiriwa kufagia na kufyeka majani. Injinia kijana aitwaye Godfrey aliona mfagiaji anauliza maswali mengi kuliko mafundi, akaanza kumfundisha kusoma geji za presha ya gesi.

"Aliniambia, Mama Shukuru, kama ulikuwa unasikia mlio wa mashine ya alizeti unajua imekwama wapi, hili halikushindi."

Nyumbani haikuwa rahisi. Mama mkwe wake, Bibi Rebeka Kitundu, mwenye miaka 74, alisikia kwamba matangi yatalipuka. Akaacha hata kupita njia ya zahanati.

"Nilimwambia mwanangu, mkeo analinda bomu," anasema bibi huyo. Leo analisema huku anacheka.

Agosti ya mwaka juzi, Agripina alikuta geji ya tangi la tatu imeshuka. Alimpigia Godfrey, aliyekuwa Dodoma. Injinia akamweleza kuwa baridi ya alfajiri hushusha geji, asiwe na wasiwasi. Agripina akafungua daftari lake la vipimo.

"Nikamwambia, Injinia, baridi naijua, nimeiandika humu tangu Juni. Hii imeshuka zaidi ya baridi."

Akachukua brashi. Kwenye ungio la ishirini na sita povu likachemka. Aliomba moto wa jiko la zahanati uzimwe, akawasogeza watu mbali, kisha akafungua koki ya bomba refu la juu na kuiachia gesi yote ya tangi lile hewani. Akiba iliyokusanywa kwa siku tisa ikapotea kabla ya saa nne.

Hakuna aliyeumia, na hata waliosogezwa hawakujua sababu. Angeweza kunyamaza. Siku hiyohiyo alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji akaomba mkutano.

"Nilijua wanaweza kusema kituo kiondoke, na mimi na kazi yangu tuondoke nacho."

Mkutanoni, mzee mmoja, Calist Shango, alisimama na kumuuliza: "Leo ulikuwepo. Siku ukiugua, nani atapaka hiyo sabuni?"

"Hapo umesema kweli, baba," Agripina akajibu. "Nipeni mtu nimfundishe."

Mjadala ulichukua mchana mzima. Mwishowe walikubali kituo kibaki, kwa sharti kwamba uzio wa kituo usogezwe nje zaidi, na kwamba Lea, jirani wa Agripina, afundishwe kazi hiyo.

Februari mwaka jana, mawingu yalifunika Iramba siku nne mfululizo na upepo ukatulia. Siku ya pili betri ziliisha. Siku hiyohiyo Bibi Rebeka aliletwa zahanati akiwa hoi kwa nimonia, akawekwa kwenye mashine ya oksijeni. Mvua ilikuwa imekata barabara ya kwenda hospitali ya wilaya.

Mashine ile ilifanya kazi kwa saa thelathini na moja, kwa umeme uliotoka kwenye matangi.

Agripina na Lea walipokezana kusimamia mitambo. "Nilitamani nikae naye, nimshike mkono," anasema. "Lakini nikiondoka hapa, umeme ukikatika, mkono wangu utamsaidia nini? Nilikuwa naangalia geji, namwomba Mungu, naangalia tena."

Barabara ilipofunguka, matangi yalikuwa yamebakiwa na chini ya robo. Wakati huo bibi alikuwa ameanza kuomba uji.

Muuguzi wa zahanati, Esta, anakumbuka alivyomweleza bibi umeme ulikotoka. Bibi Rebeka alisema kwa Kinyiramba kwamba aitiwe mkwewe. Agripina alipofika alimsalimu, "Shikamoo, mama." Bibi alimvuta, akamlaza kichwa kifuani kwake kama mtoto.

Sasa Agripina anajiandaa kwa mtihani wa ufundi utakaompa cheti cha kazi anayoifanya tayari. Anapanga pia kuvuta umeme hadi nyumba kumi na nne za jirani, na ameziorodhesha mwenyewe kwa kufuata umbali kutoka kituoni. Nyumba ya mama mkwe wake ni ya kumi na moja.

"Amekuja kuniuliza mara tatu," anasema Agripina. "Nikamwambia, mama, nikikurusha mbele, watu hawataniamini tena hata kwa ile sabuni. Akaniambia sawa, atasubiri. Lakini kiti chake amekihamishia upande ambao nguzo za umeme zitatokea."