Ubavu wa Kumi na Moja wa Tuija

Saa tatu asubuhi, Jumamosi, Tuija Latvala anafuta viganja kwenye suruali yake ya kazi, kisha anasogea kando. Ndani ya ghala lake la zamani la viazi, nje kidogo ya mji wa Alajärvi, bawa la ndege ndogo ya mbao anayoijenga mwenyewe limelazwa juu ya meza, mifupa mitupu. Mzee Reijo Hautanen, mkaguzi wa chama cha marubani, ameliinamia akiwa na kipande cha chuma chenye unene wa milimita 0.2.

Anakijaribu kwenye kila kiungo cha gundi cha mbavu, vile vipande vyembamba vya mbao vinavyolipa bawa umbo lake. Kikipenya, ubavu huo umekataliwa. Bila sahihi yake bawa haliwezi kuvikwa kitambaa, na kiangazi cha huku ni kifupi, hakimsubiri mtu.

"Mbona kimya hivyo, Tuija?" anauliza bila kuinua kichwa.

"Nahesabu."

"Na mimi nahesabu. Tukipishana, kahawa juu yako."

Tuija ana miaka 57. Kwa miaka thelathini na mmoja amekuwa akipasua magogo katika kiwanda cha mbao, ambako milimita moja si kitu. Ubao mbichi hukatwa kwa nyongeza ya milimita mbili, kwa sababu ukikauka utasinyaa.

Nyongeza hiyo ndiyo iliyomponza. Alipokuwa akikata nafasi ya kupitisha mhimili, boriti ndefu inayobeba bawa, katika kila ubavu, aliongeza milimita mbili, ingawa mbao zilikuwa kavu siku nyingi. Mbavu zote kumi na nne zikacheza kwenye mhimili. Gundi ingeweza kuziba mwanya, lakini gundi nene haina nguvu.

"Mchoro niliusoma vizuri," anasema. "Ila mkono haujui kusoma. Ulidhani uko kazini."

Alizivunja zote, kazi ya saa mia mbili, akaanza upya. Jarmo, mwenzake wa kwenye msumeno, hajamwacha hadi leo. "Dada, hiyo ndege si ikauke kwanza ndipo iruke?" humtania wakati wa mapumziko.

"Itakapokauka," hujibu Tuija, "wewe utakuwa umeshanyauka."

Mzee Reijo anafika kwenye ubavu wa kumi na moja, anasita. Pana alama ya penseli nyekundu.

"Nani kachora hapa?"

"Mimi. Kiungo cha chini kinapitisha chuma. Nilikipima jana mara tatu."

Mzee anajaribu. Chuma kinaingia kwa shida, kiasi cha ukucha. "Kweli kabisa. Lakini huku chini, mimi ningepapita tu."

"Najua. Ndiyo maana nimechora."

Mzee ananyoosha mgongo. "Miaka ishirini na sita watu wananificha makosa yao. Wewe unataka kuninyang'anya kazi!" Anapima tatu zilizobaki, kisha anaandika kwenye fomu yake: mbavu kumi na tatu zimekubaliwa, mmoja urudiwe, sahihi itafuata.

Tuija anaisoma fomu ya mkaguzi mara mbili. Uso wake hauna huzuni. Ubavu uliokataliwa aliukataa yeye kwanza, na kumi na tatu zimesimama.

Ubavu mmoja humchukua saa kumi na nne. Anatarajia kuvika kitambaa mwezi Mei na kuruka Agosti, hadi Vaasa kwa dada yake mkubwa, ambaye ameapa hatapanda chombo ambacho hamjui aliyekijenga.

"Nitamwambia ni mimi," anasema Tuija. "Akisita, nitampa kipimo cha chuma, akapime mwenyewe."