Loki Mbili na Mulamula wa Mpakani

Nikiri mapema: sikufunga loki za difu kwenye gari langu kwa sababu ya matope. Nilifunga kwa sababu ya shemeji yangu.

Shemeji huyu amemwoa mdogo wangu wa kike, na wanaishi Kamuli, ubavuni kwa mama. Alipooa hakuwa na ardhi, basi mama akawamegea kipande cha kibanja chetu, shamba la migomba na kahawa alilotuachia baba. Mimi mtoto wa kwanza nilikuwa nimeshahamia Omurushaka na pikapu yangu, nabeba ndizi na kahawa za watu. Sikupinga. Nilinyamaza tu, ila kwetu wote wanajua kunyamaza kwangu kuna maana gani. Mpaka ukapandwa mulamula, ule mmea wa majani marefu ambao ukishasimama kati ya vibanja viwili hakuna mwenye akili timamu anayeugusa.

Ardhi niliimeza. Gari ndilo lililonikwama kooni.

Mama ana presha, na kila mwezi anatakiwa kliniki Omurushaka. Kwa miaka mingi dereva wake nilikuwa mimi. Sikuiona kama kazi, niliiona kama cheo. Nikifika anakuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani, namwamkia, anaitikia marahaba, tunashuka naye mlima. Kisha shemeji naye akanunua pikapu, kuukuu kuliko yangu, rangi imebabuka. Nilicheka. Nilicheka mpaka masika yalipoanza.

Siku moja ya kliniki nilinasa kwenye mlima wa kwenda kwa mama. Tairi moja la nyuma lilizunguka kwenye utelezi, la pili limesimama kimya. Majirani wakakata mashina ya migomba wakayatia chini ya matairi, na mashina mabichi yana maji, yakaongeza utelezi. Shemeji akatokea nyuma yangu. Hakupiga hata honi. Alibonyeza kitu kwenye dashibodi, akanipita polepole, akaenda kumchukua mama. Waliporudi wanashuka, mama alinipungia mkono dirishani.

Mwezi uliofuata nilimpigia simu kumkumbusha kliniki.

"Usijisumbue, mwanangu," akasema. "Mkwe wangu atanipeleka. Gari lake halikwami."

Halikwami! Nilikula na neno hilo, nikalala nalo. Niliona wivu, na sitautafutia jina zuri zaidi. Nilimwonea wivu mtu anayelima ukweni, mwenye gari lililobabuka, kwa sababu ya kibonyezo kimoja.

Nikaenda kwa fundi wangu pale Omurushaka. Aliniambia mambo ambayo ningetakiwa kuyajua zamani. Difu, alisema, inayaacha matairi mawili yazunguke kwa mwendo tofauti, ndiyo maana gari linakata kona. Ubaya wake, tairi moja likiteleza, nguvu yote inakimbilia huko. Loki inayafunga pamoja, yote mawili yasukume. Kuna inayojifunga yenyewe, ambayo kwenye lami inagonga na kuvuta gari. Kuna ya upepo, unayoiwasha na kuizima mwenyewe.

"Wewe unabeba ndizi na mama," fundi akasema. "Chukua ya upepo, nyuma tu. Inakutosha."

"Shemeji yangu ana ipi?"

"Hiyo hiyo. Ya nyuma. Nilimfungia mimi."

"Basi mimi nifungie nyuma na mbele."

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli, akaniangalia. "Sikiliza, kaka. Ya mbele ukiiwasha, usukani hautakusikiliza. Uizime kabla ya kona. Tena haiachii papo hapo, mpaka upunguze mafuta."

Nilimsikia. Sema nilimsikia kama unavyomsikia mtu anayekuuliza habari za shamba huku wewe unahesabu mikungu yako. Alipomaliza kazi, nilikaa ndani ya gari pale gereji nikiwasha na kuzima swichi zile za loki, taa mbili ndogo zikiwaka kwenye dashibodi. Shemeji alikuwa na moja.

Siku ya kliniki iliyofuata nilitoka asubuhi bila kumwambia mtu. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri, yaani vibaya. Chini ya mlima nikawasha loki zote mbili, na gari likapanda kana kwamba barabara ni kavu. Huko juu niliwaona wamesimama: mama na kitenge chake, mdogo wangu, na shemeji, mkono tayari kwenye mlango wa pikapu yake. Nilitaka wanione. Nilitaka hasa yeye anione. Nikakanyaga mafuta.

Pale juu kuna kona ya kulia kuingia kwa mama. Nilizungusha usukani, matairi yakageuka, gari halikugeuka. Lilikwenda moja kwa moja. Nikabonyeza kuzima, mguu bado uko kwenye mafuta, na loki ya mbele ikaendelea kushika kama alivyosema fundi. Nilisimama katikati ya migomba. Nilipoteremka, nyuma yangu mimea mitatu ya mulamula ilikuwa imelala chini, mizizi juu.

Hakuna aliyeuliza kama nimeumia. Mdogo wangu alitangulia kufika.

"Kaka, umekuja kuhamisha mpaka?"

"Usukani ulikataa!"

"Ulikataa hapo tu? Mlima mzima ulikubali?"

Nilieleza habari ya loki, nikaeleza difu, nikaonyesha kwa mikono. Majirani walikuwa wameshajaa, na niliona hawaniamini hata mmoja. Wangeniaminije? Miaka yote ile nilikuwa nimenyamaza kwa sauti kubwa. Na mimi mwenyewe, nikiiangalia ile mimea imelala, sikuweza kuapa kwamba moyo wangu haukufurahi hata kidogo.

Kwetu mulamula uking'oka haupandwi na mtu mmoja. Waliitwa majirani walioshuhudia ulipopandwa mara ya kwanza, wakapima kwa macho na kwa hatua, wakachimba mashimo. Pande zote mbili lazima zishike shina pamoja, kila mmoja afukie upande wake. Upande wa mama nilishika mimi, upande wa pili shemeji. Mikono yetu iligusana matopeni. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote mbele ya watu wale, na ningestahili.

"Shemeji," akaniambia taratibu, "ya mbele mimi niliikataa kwa ajili ya kona hii. Ungeniuliza tu."

Tukafukia, rubisi, pombe yetu ya ndizi, ikanywewa, na mama alikuwa bado amevaa kitenge chake.

"Waitu, jamani, kliniki haitatungoja," akasema. Akatembea mpaka kwenye gari langu, lililokuwa limeshasukumwa hadi barabarani, akafungua mlango wa mbele. Nikatoa ufunguo.

"Mpe shemeji yako," akasema. "Wewe kaa nyuma."

Nikapanda nyuma kwenye bodi, kwenye gari langu mwenyewe, kama mkungu wa ndizi. Kupitia kioo nilimwona shemeji akizigusa zile swichi mbili. Aliwasha ya nyuma peke yake, akashuka mlima bila haraka, akaizima kabla ya kila kona. Nilikuwa nikimvizia akosee. Nilimwomba Mungu, Mkristo mzima mimi, shemeji akosee hata mara moja.

Karibu na lami niliona kichwa cha mama kimeegemea dirisha. Nilidhani presha imempanda, nikagonga kioo. Shemeji akaweka kidole mdomoni, kuniambia ninyamaze.

Mama alikuwa amelala. Miaka yote niliyomwendesha mimi, mama alishuka mlima ule ameshika mlango kwa mikono miwili, nami nikidhani ndivyo anavyopenda kukaa.